Nywele za Nyanya Mzaa Baba

Wanawake wengine wakikaribia miaka hamsini wanapata hekima. Mimi nilipata simu yenye intaneti, na ndiyo iliyonitia kichwani wazo la kuzirudisha nywele zangu kwenye rangi yake ya kahawia.

Kwa miaka kumi na minne nilikuwa nikizipaka rangi nyeusi kila baada ya wiki tatu, kuficha mvi. Na nilikuwa hodari. Mvi ikichungulia Ijumaa, Jumamosi nimeshaizika. Wenzangu niliosoma nao hapa Makongeni, Thika, walikuwa wameanza kuitwa shosho, yaani nyanya, na wauza mboga, mimi bado naitwa siste, na nilikuwa nikiitika haraka sana kabla mtu hajabadilisha mawazo.

Lakini chini ya weusi huo, nilivyojua mimi, kulikuwa na kahawia ya kuzaliwa nayo. Nilipokuwa darasa la pili nywele zangu zilikuwa hivyo, kahawia ya kuelekea wekundu, nyembamba na laini, kama ndevu za mahindi mabichi. Watoto wenzangu waliona mfanano huo kabla yangu na wakanipa jina hilo hilo. Mwalimu wetu, mama mmoja mnene mwenye roho nzuri na sauti ya kuuza samaki, hakucheka. Alimwita mama yangu shuleni, na mbele ya wazazi wengine waliokuja kwa shida zao, akamuuliza, "Mama, huyu mtoto anakula nini kwenu?"

Mama alikuwa ametoka Magharibi ya Kenya akiwa msichana, akaja Thika kufanya kazi katika kiwanda cha nguo. Aliimba sauti ya kwanza kanisani. Alikuwa mtu wa kupiga pasi hata leso. Ukitaka kumtukana mama, mwite mchawi, mwite mwizi, atakujibu kisha mambo yaishe. Lakini usimwambie kwamba mtoto wake amekosa chakula. Siku ile alimtazama mwalimu juu mpaka chini, akasema, "Anakula vile watoto wa watu wanakula. Hizo nywele ni za mama ya babake. Kwa ukoo wao wote wako hivyo."

Babangu hakuwepo kuthibitisha. Alikuwa amesafiri kwenda Mombasa kutafuta kazi, na kwa kuwa hajarudi hadi leo, ninaamini bado anaitafuta.

Jioni hiyo mama alinikalisha katikati ya magoti yake. Alitoa kopo la unga mweusi, rangi ya kiwandani, ile ile ya kupaka vitambaa. Akaukoroga na maji ya moto katika kifuniko cha kopo, akanipaka kwa mswaki mkuukuu, kichwa kizima pamoja na masikio. Kesho yake nilienda shule na kichwa cheusi kama chini ya sufuria. Mvua ikinyesha, kola yangu ilikuwa nyeusi pia. Lakini hakuna aliyeuliza tena ninakula nini, na mama akawa ameshinda kesi. Tangu hapo, kwenye harusi, kwenye matanga, kwenye mikutano ya akina mama, utamsikia akisema, "Watoto wangu hawakulala njaa hata siku moja." Wengine husema amina, yeye husema hivyo.

Nilipofika miaka kumi nilimuuliza kwa nini nywele zinaendelea kutoka nyeusi na siku hizi hatupaki. Akanijibu bila kugeuka kutoka kwa jiko kwamba rangi ya kiwanda si mchezo, ikishika inashika mpaka kwenye mizizi. Nikaamini. Mtoto wa miaka kumi akiamini kitu kama hicho hana kosa. Kosa ni kwamba niliendelea kuamini nikiwa na miaka arubaini na tisa, nina cheti cha ualimu, na somo ninalofundisha shule ya msingi ni Sayansi. Ndiyo, Sayansi. Cheka tu, mimi mwenyewe nimeshacheka.

Basi Agosti tulikuwa na maombi ya shukrani kwa mama, kwa kutimiza miaka sabini na sita, nyumbani kwake Ruiru. Watu wa upande wa baba wangekuja, wakiongozwa na senge, yaani shangazi yangu, dada ya baba. Nami nilitaka kusimama mbele yao wote nikiwa na nywele za nyanya yangu. Nikiulizwa, nilikuwa na jibu tamu kuhusu kuenzi mizizi yetu. Ukweli ni kwamba nilitaka mama anione. Nilitaka aone alichokipaka masizi. Nilikuwa na kinyongo cha miaka arubaini, nimekilea vizuri kuliko nilivyowalea watoto wangu.

Nilianza kwa akili zangu mwenyewe. Nikanunua pakiti ya rangi ya kahawia yenye picha ya mwanamke anayecheka peke yake, nikaipaka juu ya ile nyeusi, nikangoja dakika arubaini kwa imani kuu. Nilipoosha, paji la uso lilikuwa kahawia, shingo ilikuwa kahawia, taulo ilikuwa kahawia. Nywele zilikuwa nyeusi kuliko jana.

Kisha simu ikanishauri asali, ndimu na mdalasini, ukae juani kwa saa mbili. Nilikaa nje ya ploti yetu Jumamosi mchana, nanuka chai ya sikukuu, majirani wakinisalimia kwa uangalifu ule wa kumsalimia mtu aliyefiwa. Rangi haikubadilika hata kidogo. Ila sisimizi wa Makongeni wote walipata habari, na kwa siku tatu mto wangu ulikuwa barabara yao kuu.

Hapo ndipo nikaenda saluni. Kuna mwanamke hapa mtaani, rika langu, mwenye mikono mizuri na ulimi mbaya, na huwa anawakatalia wateja. Nilipovua kitambaa alinusa kwanza.

"Mwalimu, hii ni nini?"

"Asali."

"Na kabla ya asali?"

"Rangi ya kahawia."

"Juu ya nyeusi?"

"Ndiyo."

"Haiya! Ngai!" Akamwita mteja aliyekuwa chini ya mashine ya kukausha aje aone. "Mwalimu, ukuta ukiwa mweusi, ukipitisha rangi ya kahawia juu yake, si bado ni mweusi? Rangi haitoi rangi. Ya kwanza lazima itolewe. Na kwa kutoa, hapo ndio watu wanabaki na vipara."

Akanieleza, huku akivuta unywele mmoja mmoja kuona unakatika wapi. Alisema kuna watu mjini watakupaka blichi kali mchana mmoja. Saa kumi uko kahawia, na Jumapili ukijikuna kanisani unarudi nyumbani na nywele kwa kiganja. Yeye hafanyi hivyo. Masharti yake yalikuwa kama ya mganga. Miezi mitatu bila tone la rangi nyeusi. Hakuna pasi ya nywele, hakuna moto. Kila wiki mbili nije nioshwe na shampuu kali ya kulegeza rangi, halafu nipakwe dawa ya kulisha nywele na kuwekwa kwenye mvuke, kwa sababu shampuu hiyo inakausha. Miisho ikatwe, nisilie. Katikati nisukwe matuta, nilale na kitambaa laini. Zikishapata nguvu, ndipo atatumia dawa ya kuvuta rangi ya dukani itoke, na mwishowe blichi hafifu, kwa kujaribu kwanza nywele chache nyuma ya sikio.

"Na mvi?" nikamuuliza.

"Mvi zitaonekana. Kwani umeua mtu?"

Nikakubali. Kwa miezi mitatu niliitwa shosho na Thika nzima. Vitoto vya gredi ya kwanza viliacha kunisalimia kwa kelele, vikaanza kuniinamia kichwa. Nilivumilia kwa sababu nilijua kahawia yangu iko njiani, inapanda polepole kutoka ndani.

Mwezi wa tatu ulipoisha alinifumua matuta, akagawanya nywele kwa mkia wa kitana. Halafu akanipa kioo cha mkononi na kunigeuza nione kwenye kioo cha ukutani.

"Kuja uone. Hii ndio yako, ile imetoka mpya."

Kutoka kwenye ngozi, urefu wa pingili ya kidole, zilikuwa nyeusi. Nyeusi zenye mvi hapa na pale, nene, zinang'aa. Zile za juu, zilizoteswa na shampuu yake, ndizo zilizokuwa zimeanza kuwa na wekundu kidogo.

"Hiyo ni ya kiwanda," nikamweleza kwa sauti yangu ya darasani. "Nilipakwa nikiwa darasa la pili. Ilishika mpaka kwenye mizizi."

Alinitazama kuona kama natania. Alipoona sitanii alicheka mpaka akakalia sinki. "Rangi ya darasa la pili! Woi, mwalimu! Nywele ikitoka kwa ngozi inatoka vile Mungu alipanga. Hiyo ulipakwa darasa la pili ilikatwa kitambo, ikaenda na takataka. Wewe nywele yako ni nyeusi. Imekuwa nyeusi siku zote."

Nilikasirika. Nilijifunga kitambaa nusu ya kichwa ikiwa imefumuliwa, nikatoka bila kuaga. Nikasimama kwenye kivuli cha duka la unga na kumpigia senge.

"Senge, nyanya alikuwa na nywele za rangi gani?"

"Nyanya nani? Mama yangu? Nyeusi."

"Nyeusi kabisa?"

"Nyeusi tititi. Tumemzika hana mvi kumi. Kwani?"

"Na wengine kwa ukoo? Hakuna wa kahawia?"

"Nani amekuambia kwetu kuna nywele nyekundu? Sisi ni watu wa Maragoli, mtoto, sisi si paka."

Nilimshukuru, nikamuuliza hali ya ng'ombe, nikakata simu. Hata hapo, nakuambia, akili yangu ilikataa kwenda. Nilijiambia labda senge anasahau. Labda ni nyanya wa kabla ya nyanya. Mtu akiamua kuwa mjinga, elimu haimzuii.

Jumatatu nilikuwa na gredi ya tano, somo la lishe bora. Nimelifundisha miaka ishirini na miwili, nalijua kama Baba Yetu. Kuna picha kitabuni ya mtoto mwenye miguu myembamba na tumbo kubwa, na chini yake dalili za kukosa protini zimeorodheshwa. Mimi huzisoma kwa sauti na watoto huitikia. Uvimbe wa miguu. Uvimbe wa miguu! Ngozi kubanduka. Ngozi kubanduka! Nywele kuwa nyepesi na kugeuka rangi ya kahawia.

Waliitikia vizuri sana. Mimi ndiye niliyeshindwa kuendelea. Nilivuta kiti nikaketi, nikawaambia wachore ile picha, na nikatazama nje ya dirisha mpaka kengele.

Miaka ishirini na miwili. Nimewasomea watoto wa watu dalili zangu mwenyewe, kwa sauti, nikiwasahihisha wakikosea tahajia. Mwaka ule wa darasa la pili kiwanda kilikuwa kimewapunguza wafanyakazi, na mama alikuwa mmoja wao. Hilo nilikuwa nalijua siku zote. Lile kopo la rangi aliletewa na rafiki yake aliyebaki kazini. Hilo pia nilikuwa nalijua. Nilikuwa na kila kitu mkononi na sikuwahi kuvikutanisha, maana hadithi ya nyanya ilikuwa tamu zaidi, na ilinipa mtu wa kumlaumu. Niliona haya. Kile kinyongo nilichokilea kilikuwa juu ya mwanamke aliyekuwa akipaka kichwa cha mtoto wake rangi ya vitambaa ili mtaa usijue kwamba chungu chake ni kitupu.

Zikabaki wiki tatu kabla ya maombi. Kama ningeenda na nywele nyeusi zenye mvi, kusingekuwa na ubaya, ila mimi mdomo wangu ulikuwa umeshatangulia. Nilikuwa nimewatangazia ndugu wote kwamba narudi kwenye rangi ya nyanya, na mama alikuwa amesikia. Alinipigia mara mbili kuuliza kama saluni si ghali, kama sitaki kuacha tu. Sasa nilielewa alichokuwa anaogopa. Mbele ya wageni wote, mbele ya watu wa mume wake, shina la nywele zangu lingemwita mwongo, na swali la yule mwalimu lingeulizwa upya akiwa na miaka sabini na sita.

Nikampigia senge tena.

"Siku ya maombi ukiulizwa, nyanya alikuwa na nywele za kahawia."

"Nani?"

"Mama yako."

"Unataka nidanganye kwa maombi?"

"Ndiyo, senge."

Nikasikia kuku wake. Senge si mjinga, na yeye alikuwa mtu mzima, ameshaolewa, wakati kaka yake alipoondoka Thika; alijua tulivyobaki. Mwishowe akauliza, "Kahawia kiasi gani?"

Nilirudi saluni na unyenyekevu ambao sikuwa nimewahi kuonekana nao. "Nataka kahawia," nikamwambia, "mpaka kwenye shina."

"Ati? Na vile nilikuonyesha?"

"Umenionyesha. Sasa nifichie."

Alitaka kucheka, akanitazama usoni, akaacha. Alinifanyia kazi ile kwa siku tatu tofauti, wiki baada ya wiki. Alianza na nywele chache nyuma ya sikio, akazivuta, akazinyonga, akaona hazikatiki. Aliitoa rangi ya dukani kwanza. Halafu blichi hafifu, akiichungulia kila dakika chache kama mtu anayepika maziwa. Kulikuwa na wiki moja kichwa changu kilikuwa rangi ya chungwa kabisa, nikafundisha na kilemba, na mwalimu mkuu akaniuliza kama nimebadili dini. Mwishowe akapaka kahawia juu ya hilo chungwa, akarudia kwenye shina mahali mvi zilipokataa kushika, akaziweka kwenye mvuke na dawa. Zilitoka laini. Zilizokatika zilikuwa chache kuliko zile ninazopoteza kwa kitana siku ya kawaida. Huyo mwanamke anastahili mshahara wa daktari, na msimwambie nimesema hivyo.

Siku ya maombi, hema kule Ruiru lilikuwa limejaa. Kulikuwa na pilau, chapati, kuku wa kienyeji, na ugali wa wimbi kwa ajili ya watu wa Magharibi ambao bila ugali huhesabu hawajala. Mama alikuwa kwenye kiti chenye mito, amevaa kitenge kipya. Nilipoinama kumsalimia, wanawake wa kanisa lake wakanizingira.

"Mwalimu, hizi nywele ni za nini tena? Umepaka?"

Kabla sijafungua mdomo, senge, ambaye dakika tano nyuma alikuwa amefumba macho akiomba kwa machozi, aliweka soda yake chini. "Hizo ni za mama yangu," akasema. "Zile zile. Nimeshtuka nilipomwona kwa geti."

Wanawake wakasema ah, kumbe ni ukoo. Mmoja akasema alijua tu, damu haifichiki. Wakarudi kwenye pilau. Mama alimtazama senge, senge akatazama chupa yake ya soda.

Baadaye mama aliniita chumbani kwake nimsaidie kubadilisha viatu. Nilipiga magoti, na nilipokuwa natafuta kamba, nikasikia vidole vyake kichwani. Aligawanya nywele katikati kwa kidole gumba, polepole, mpaka kwenye ngozi. Akagawanya mahali pengine. Hakuna anayejua shina lililopakwa kuliko mama yangu.

"Umepaka hata chini," akasema.

"Eeh, mama."

"Nani alikuambia?"

"Hakuna. Niliona mwenyewe."

Aliendelea kuzipitisha nywele vidoleni. Nje walikuwa wameanza kuimba, na sauti ya kwanza ilikuwa haijapata mtu.

"Nilikuwa nakupa na sahani yangu," akasema. "Kila siku nilikuwa nakupa na yangu. Haikutosha."

Nilimshika miguu yote miwili nikalia kwa sauti, kama mtoto. Mama akanifunga mdomo kwa kiganja chake, akaniambia ninyamaze, wageni wasije wakafikiri tuna shida.